Oili ya mtambo wa baridi haipotei: ulizeni iko wapi kabla ya kununua kompresa nyingine

Kompresa ya chumba cha baridi ikiungua, maneno huwa ni yale yale. Stima ndiyo mbaya. Gesi ilikuwa feki. Ni chumvi ya bahari. Kikundi kinachanga tena, kompresa mpya inaletwa kutoka mjini, inafungwa, inanguruma miezi kadhaa, halafu nayo inafuata njia ya mwenzake. Ni mara chache mno nimesikia mtu akiuliza swali ambalo lingeokoa pesa hizo: je, ile oili iliyokuwa ndani ya kompresa ya kwanza ilikwenda wapi?

Swali hili si la mzaha, ndugu msomaji. Mtambo wa baridi si kama injini ya gari. Gari huunguza oili kidogo kidogo, nayo hutoka na moshi. Mtambo wa baridi umefungwa pande zote. Gesi inayozunguka leo ndiyo iliyotiwa siku ya kwanza, na oili vivyo hivyo. Ikiwa haionekani ndani ya kompresa, basi ama imetoka pamoja na gesi mahali penye tundu, na hapo utaona kiungo cha paipu kimeloa mafuta na kushika vumbi, ama imo humo humo ndani, imejificha mahali na inakataa kurudi. Njia ya tatu hakuna. Na fundi anayefungua kopo na kuongeza lita nyingine kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili, anaweza kuwa anaandaa kifo cha kompresa hiyo hiyo anayoitibu.

Mwenye friji ya nyumbani asiwe na wasiwasi. Paipu zake ni fupi na oili hurudi yenyewe. Ninayoyasema yanawahusu wenye vyumba vya baridi vya samaki katika bandari zetu ndogo, wenye mabucha, wauza barafu, na wale vijana wetu wanaotunza mitambo mikubwa ya hoteli, ile wanayoiita chila.

Tuanze na mzunguko wenyewe kwa ufupi. Kompresa hufyonza mvuke wa gesi, huubana ukawa na presha kubwa na joto kali, kisha huusukuma hadi kondensa, ile yenye feni iliyo nje. Hapo mvuke hupoa na kugeuka maji. Maji hayo ya gesi hupita kwenye vali nyembamba, presha huanguka, nayo huingia ivaporeta ndani ya chumba na kuanza kuchemka kwa baridi. Kule kuchemka ndiko kunakonyonya joto la samaki. Mvuke hurudi kwa kompresa, na safari inaanza upya.

Katika safari yote hiyo oili haina kazi yoyote. Kazi yake iko ndani ya kompresa tu: kulainisha beringi, kuziba upenyo kati ya pistoni na silinda, na kuondoa joto. Lakini gesi hupita humo humo oili ilimo, na kila pistoni ikipanda huondoka na ukungu kidogo wa oili. Kompresa nzuri ya pistoni hutoa chini ya kilo 1 ya oili kwa kila kilo 100 za gesi. Utasema ni kidogo. Haya, tupige hesabu. Chumba cha baridi cha kadiri chaweza kuzungusha kilo 100 za gesi kwa saa. Tuseme oili inayotoka ni nusu kilo tu kwa saa. Kompresa ya ukubwa huo hubeba oili yapata lita 2. Maana yake ni kwamba bila oili kurudi, kompresa ingekauka baada ya saa 4 hivi. Ukiona imefanya kazi mwaka mzima, ujue kila siku oili yake imetoka na kurudi mara kadhaa, na hakuna aliyeona.

Basi oili kutoka si ugonjwa. Ugonjwa ni kutorudi.

Kinga ya kwanza huwekwa mlangoni, pale gesi moto inapotoka kwenye kompresa. Ni mtungi wa chuma, kitenganishi cha oili. Gesi ikiingia humo hupata nafasi pana, mwendo wake unapungua, inagonga wavu, na matone ya oili yanaangukia chini. Chini yake kuna boya, mfano wa lile la tangi la choo. Oili ikipanda, boya hufungua kijitundu, na presha husukuma oili kupitia paipu nyembamba hadi tumboni mwa kompresa. Mtu yeyote, hata asiye fundi, anaweza kuichunguza kwa kiganja. Ile paipu nyembamba inatakiwa ipate joto, ipoe, ipate joto tena, kwa sababu boya linafunguka na kufunga. Ikiwa ni moto wakati wote, boya limekwama wazi na gesi moto inarudi bila kazi. Ikiwa haipati joto kabisa, huenda boya limekwama limefunga, oili imejaa mtungini na sasa inapita juu kwa juu kwenda kwenye mzunguko.

Kompresa za skrubu, ambazo hoteli na viwanda vingi hutumia, haziwezi kuishi bila kitenganishi. Zenyewe hupigiwa oili nyingi makusudi ndani ya skrubu, na karibu yote huondoka na gesi, kwa hiyo mitungi yao ni mikubwa na mara nyingi huwa na chujio la pili la kunasa ukungu mwembamba. Ila hakuna kitenganishi kinachonasa oili yote. Wauzaji husema maneno yao, lakini kile kidogo kinachoponyoka kitaendelea na safari, na kitarudi tu kama paipu zimefungwa kwa akili.

Na hapa kwenye paipu ndipo nitakapokaa, maana ndipo pesa za watu zinapoungulia.

Kutoka kondensa hadi ivaporeta oili haisumbui. Gesi imekuwa maji, oili imeyeyuka ndani yake, vinakwenda pamoja. Taabu huanza baada ya ivaporeta. Gesi imechemka yote ikawa mvuke, oili imebaki peke yake, baridi na nzito, utando uliogandama kwenye kuta za paipu. Hakuna kinachoisukuma kurudi ila upepo wa mvuke wenyewe. Upepo huo ukiwa dhaifu, oili inakaa. Kipimo ambacho mafundi wamekitegemea kwa miaka mingi ni mwendo wa mita 4 hivi kwa sekunde kwenye paipu iliyolala, na mita 7 hadi 8 kwenye paipu inayopanda, kwa sababu hapo upepo unapigana na uzito wa oili.

Sasa mtu akiweka paipu pana kuliko inavyotakiwa, mwendo unaanguka. Ukizidisha upana wa paipu mara mbili, mwendo unabaki robo. Fundi wetu mara nyingi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, akiamini paipu nene inaifanya kompresa ipumue vizuri. Kweli inapumua, ila inapumua bila oili.

Kuna kikundi kimoja cha wavuvi, sitakitaja, kilichoniita baada ya kuzika kompresa mbili. Mtambo wao ulikuwa na kompresa mbili zilizochangia paipu moja ya kurudi. Kwa kuogopa wezi na mawimbi ya kusi, zilipandishwa juu ya jukwaa la zege, kama mita 5 kutoka kilipo chumba cha samaki. Wazo zuri. Paipu iliyopanda kwenda juu ilikuwa moja, nene, iliyonyooka kama mlingoti, bila hata mkunjo chini yake.

Angalia kilichotokea. Asubuhi mashua zikileta samaki, chumba kina joto, kompresa zote mbili zinafanya kazi. Upepo ndani ya paipu unatosha, oili inapanda. Usiku samaki wamekwisha kupoa, kompresa moja inajizima. Upepo unapungua kwa nusu. Oili iliyokuwa njiani inateleza kurudi chini na kujikusanya kwenye ivaporeta. Saa kumi na mbili asubuhi mlinzi anatazama kijidirisha cha kioo tumboni mwa kompresa, hakuna oili. Anampigia fundi. Fundi anakuja, anaongeza lita 1, kioo kinaonyesha vizuri, analipwa, anakwenda zake. Saa nne mashua zinatia nanga, kompresa zote mbili zinaamka, upepo unarudi, na ile oili ya usiku kucha inapanda kwa mkupuo mmoja, bonge zima. Kompresa imeumbwa kubana mvuke. Oili haibaniki. Vali zinavunjika, pistoni inapasuka, na kila mtu anashangaa, mbona tumetoka kuitia oili asubuhi hii?

Kwa hiyo kompresa ile ilikuwa ikifa kwa kiu usiku na kwa kupaliwa mchana, na kila lita iliyoongezwa ilizidisha ukubwa wa bonge. Tulipoimwaga oili yote ya mtambo na kuipima, ilizidi mara mbili ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha kompresa. Wale jamaa walikuwa wameinunua oili ile kopo kwa kopo kwa miezi, na ilikuwa imelala kwenye ivaporeta yao muda wote huo, ikiwa imefunika kuta za paipu hata samaki wakachelewa kupoa na bili ya stima ikapanda.

Dawa yake ni ya zamani na haina ujanja mkubwa. Badala ya paipu moja ya kupanda, zinawekwa mbili sambamba, nyembamba na nene. Chini, kati ya hizo mbili, kunakuwa na mkunjo mfano wa ule ulio chini ya sinki. Kompresa zote zikifanya kazi, mvuke unapanda kupitia paipu zote mbili. Moja ikizima na upepo ukipungua, oili inaanza kuteremka, inaujaza ule mkunjo na kuziba njia ya paipu nene. Mvuke wote sasa unalazimika kupita kwenye ile nyembamba, na kwa kuwa ni nyembamba, mwendo unapanda tena na oili inabebwa. Kompresa ya pili ikiamka, nguvu ya mvuke inausafisha mkunjo, njia pana inafunguka. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, oili yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga mlango. Mimi tangu chuoni naliona jambo hili kuwa zuri kuliko vidubwasha vingi vinavyouzwa leo.

Ikiwa kompresa ni moja tu, paipu moja ya kupanda yatosha mradi upana wake uwe sawa. Lakini uwepo mkunjo chini kabisa, na ikipanda sana, mwingine kila baada ya mita 5 au 6, ili oili ipumzike hapo na kusukumwa tena. Mikunjo iwe midogo. Mkunjo mkubwa unakuwa kisima, na tumesharudi kwenye lile bonge. Paipu iliyolala iinamie upande wa kompresa, sentimita 1 kwa kila mita 2, si kinyume chake. Mambo haya hayagharimu hata sehemu ndogo ya bei ya kompresa. Lakini miradi yetu ya pwani inapoletwa, hotuba huwa juu ya mashine, utepe unakatwa mbele ya mashine, picha ni ya mashine. Paipu hufungwa na yeyote aliyekubali bei ya chini, na mchoro wake hauulizwi.

Nije kwa vijana wa hoteli. Chila nyingi kubwa zina ivaporeta ya namna nyingine kabisa. Ni pipa refu la chuma lililolazwa. Ndani yake zimepita paipu nyingi za maji, nje ya paipu hizo kuna gesi iliyo maji, inachemka taratibu. Maji yanaingia yakiwa na nyuzijoto 12 hivi, yanatoka na 7, yanakwenda vyumbani kwa wageni. Mvuke unatoka juu ya pipa bila haraka, na bila haraka maana yake ni kwamba haubebi oili. Oili haichemki. Kila tone lililoponyoka kitenganishi linaingia pipani na kubaki humo. Aliyewahi kupita mashamba ya chumvi ya Gongoni anajua hali hii: maji ya bahari yanaingia, jua linachukua maji, chumvi inabaki, kesho inaongezeka.

Hapo upepo hausaidii. Lazima oili itolewe kwa makusudi. Kwa gesi kama R134a na oili inayopatana nayo, viwili hivyo huwa vimechanganyika, kwa hiyo hauwezi kuikinga oili peke yake. Kinachofanyika ni kuchota mchanganyiko kidogo kidogo kupitia paipu iliyotobolewa ubavuni mwa pipa, karibu na uso wa gesi inayochemka, ambako oili hukusanyika na povu. Anayechota ni kifaa kidogo kisicho na kitu kinachozunguka. Gesi ya presha kubwa kutoka kondensa inapitishwa kwenye mdomo mwembamba, inatoka kwa kasi, na kasi ile inavuta mchanganyiko kutoka pipani, kama bomba la mpaka rangi linavyovuta rangi kutoka kwenye kikombe chake. Unasukumwa hadi upande wa kompresa. Humo joto linaichemsha gesi iliyofuatana nao, na oili inabaki mahali pake.

Kifaa hicho kina chujio dogo njiani. Nikiulizwa ni kitu gani kinachosahaulika kuliko vyote kwenye chila, nitasema ni hilo. Likiziba, hakuna king'ora kinacholia. Oili inaanza kuhamia pipani, nusu lita leo, nusu lita wiki ijayo. Dalili ya kwanza si kioo cha oili, ni nyuzijoto. Linganisha joto la maji yanayotoka na joto ambalo gesi inachemkia ndani ya pipa. Kwenye chila nzima tofauti huwa nyuzi 1 au 2. Ikianza kupanda hadi 4 au 5, kuna kitu kimefunika zile paipu. Huenda ni uchafu wa maji, huenda gesi imepungua, lakini oili iwe miongoni mwa washukiwa. Anayeandika namba hizo kila siku atalijua tatizo wiki kadhaa kabla ya mashine kujizima saa nane mchana wa mwezi wa pili, hoteli ikiwa imejaa.

Viwanda vya barafu vinavyotumia amonia vina tabia nyingine tena, nami nitaisema kwa sababu ni ya hatari. Amonia haichanganyiki na oili ya madini. Tena ni nyepesi: lita 1 ya amonia iliyo maji ina uzito wa gramu 650 hivi, lita 1 ya oili karibu gramu 900. Kwa hiyo oili inazama chini ya ivaporeta, nako huwekwa chungu cha kuipokea. Mtu ndiye anayekwenda kuimwaga kwa mkono. Watu wameumia na kufa duniani kwa kazi hii inayoonekana ya kijinga, kwani oili ikiisha kutoka, kinachofuata ni amonia yenyewe, usoni. Chungu lazima kitengwe kwanza na mtambo kwa vali, kiachwe wazi upande wa kufyonzwa hadi amonia iliyomo ichemke yote, umande wa barafu ulioko nje yake uyeyuke na chuma kiwe na joto la kawaida. Ndipo oili imwagwe, kupitia vali yenye springi inayojifunga yenyewe mkono ukiachia. Watu wawe wawili, wamevaa vinyago, na asiondoke mtu kwenda kupokea simu. Nimewahi kuona vali ya namna hiyo imefungwa kamba ili ibaki wazi. Aliyefanya hivyo alikuwa anaokoa dakika kumi.

Tumerudi kwa stima, maana na yenyewe ina kesi, ila si ile inayosemwa. Mtambo ukizimwa, oili iliyotulia hunywa gesi. Kadiri inavyopoa ndivyo inavyokunywa zaidi. Kompresa ikiamka, presha tumboni mwake inaanguka ghafla, na gesi iliyoyeyuka inafumuka kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Povu lile linafyonzwa na kusukumwa nje, na kwa dakika moja kompresa inaweza kupoteza sehemu kubwa ya oili yake huku beringi zikizunguka kavu. Ndiyo sababu tumboni mwa kompresa kuna hita ndogo. Kazi yake ni kuipa oili joto wakati mtambo umelala ili isinywe gesi.

Sasa sisi tunafanya nini? Samaki wakiisha, mtu anazima swichi kubwa ukutani ili kuokoa tokeni, na hita inazimika pia. Hita ya kompresa ya kadiri hula wati 70 hivi, ambazo kwa siku nzima hazifiki uniti 2. Asubuhi swichi inawashwa na kompresa inaondoka papo hapo. Watengenezaji wengi wanataka hita iwe imewaka saa 12 hadi 24 kabla ya kompresa kuamshwa baada ya kulala muda mrefu. Stima ikikatika saa moja, si neno. Ikikatika usiku mzima, ikirudi iacheni hita ifanye kazi kwanza. Najua si rahisi kumwambia hivyo mtu mwenye changu wa maelfu ya shilingi ndani ya chumba kinachopata joto. Ndiyo maana barafu ya akiba ni sehemu ya mtambo, si anasa.

Jambo la aina ya oili nitalipitia haraka. Gesi ya zamani, R22, ilipatana na oili ya madini. R134a na R404A hazipatani nayo, zinataka oili ya kutengenezwa, ile ya esta. R22 inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal, na nchi kama yetu zilitakiwa ziwe zimepunguza matumizi ya gesi za aina hiyo kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na mwaka 2030 ndio karibu mwisho wake. Kwa hiyo wengi wanabadilisha gesi. Anayebadilisha gesi na kuiacha oili ya zamani ameikosesha oili hiyo usafiri. Haiyeyuki kwenye gesi mpya, inabaki nzito kwenye ivaporeta, na hata paipu ziwe sahihi vipi, kurudi kwake ni shida. Humwagwa, ikatiwa mpya, mtambo ukaendeshwa, ikamwagwa tena, mara mbili au tatu, hadi ile ya zamani isizidi asilimia 5. Na oili ya esta hunywa unyevu wa hewa kwa pupa. Kwa hewa yetu hii ya pwani, kopo lililofunguliwa juzi na kufunikwa kwa tambara si la kutiwa kwenye mtambo wa mtu. Unyevu ule na joto la kompresa huzaa asidi, na asidi inakula mota.

Mtambo ukihitaji kufunguliwa, gesi inanyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi, na baadhi ya oili hutoka nayo. Fundi mwenye amana huipima oili hiyo kwenye chupa na kurudisha kiasi kile kile cha oili mpya, si zaidi. Iliyotoka hairudishwi. Ikiwa kompresa iliungua, oili yake ina harufu kali ya kuchoma na ni asidi tupu. Isimwagwe kwenye mikoko nyuma ya kibanda, kama ninavyoona ikifanywa. Mikoko hiyo ndiyo inayolea kamba na samaki ambao chumba cha baridi kilijengwa kwa ajili yao.

Kwa kamati ya kikundi chochote chenye mtambo, nunueni daftari la shilingi hamsini, lifungwe kwa uzi kando ya kompresa. Liandikwe tarehe, oili iko wapi kwenye kioo asubuhi na iko wapi saa kumi jioni, lita ngapi zimetiwa, lita ngapi zimetolewa, na nani alifanya. Asubuhi tupu na jioni imejaa, shida ni paipu. Inashuka kila wiki bila kupanda, tafuteni kiungo kilicholoa. Na ikiwa hesabu inaonyesha mmekwisha kutia lita 3 zaidi ya kile kiasi cha kiwandani, na kioo bado ni kitupu, fundi aweke kopo chini, achukue geji na tepu ya kupimia, aanze kuifuata paipu kutoka ivaporeta.